Laptopu ya Linux haioni waifai: draiva, kadi mpya, adapta ya USB au waya wa simu?

Binti wa jirani alikuja barazani Jumamosi jioni, laptopu kwapani, waya wa chaja ukiburuta nyuma.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Imekuwaje tena?"

"Waifai haipo. Siyo kwamba inakataa nywila, haipo kabisa. Tangu niweke Linux hii ya Ubuntu hata mtandao mmoja siuoni. Dukani wameniambia ninunue kidude cha USB, fundi mwingine anasema kadi imeungua, na rafiki yangu chuoni anasema nirudi Windows tu."

Watu watatu wametoa majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyefungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Njia za kutokea hapo ziko nne: kuitafutia kadi ya waifai iliyomo draiva, yaani programu ya kuiendesha, kufungua laptopu na kubadilisha kadi, kununua adapta ya USB, au kuchomeka simu na kuvuta intaneti yake kwa waya. Zote nne nimezitumia, kwangu na kwa watu, na tofauti zake kwa pesa, usumbufu na kudumu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ila usianze kuzilinganisha kabla hujajua kadi yako imekwama wapi, maana kuna tatizo ambalo dawa yake ni kubonyeza kitufe kimoja tu.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Kama laptopu inaiona mitandao ya majirani ila wa kwako haumo, kadi ni nzima. Usinunue kitu. Mara nyingi ruta inarusha kwenye 5 GHz wakati kadi inajua 2.4 GHz peke yake, au ruta imejichagulia chaneli ya 12 au 13. Kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huishia chaneli ya 11, na laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zimetokea huko. Ingia kwenye ruta, weka chaneli 1, 6 au 11, kazi imekwisha.

Kama haioni mtandao wowote, andika `rfkill list`. Ukikuta `Soft blocked: yes`, andika `sudo rfkill unblock wifi` uendelee na maisha. Ukikuta `Hard blocked: yes`, kuna swichi ya ubavuni au kitufe cha ndege kwenye safu ya F, na hakuna amri itakayokusaidia mpaka kidole kiguse kitufe hicho. Nimeshaona watu wakifuta Linux na kuiweka upya mara tatu kwa ajili ya swichi ndogo kama punje ya mchele iliyo pembeni mwa tundu la spika. Na wale wenye Windows na Linux kwenye mashine moja, waizime ile njia ya Windows ya kuwaka haraka: haizimi kompyuta sawasawa, na wakati mwingine huiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

Amri ya maana kuliko zote ni hii:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Kwa binti yule ilitoa hivi:

`Network controller [0280]: Broadcom Inc. and subsidiaries BCM43142 802.11b/g/n [14e4:4365]`

na mistari michache chini yake:

`Kernel driver in use: bcma-pci-bridge`

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Wanaona neno "driver" na kusema draiva ipo, basi kadi ndiyo mbovu. Lakini `bcma-pci-bridge` ni bawabu tu: amemtambua mgeni na kumfungulia geti, ila ndani hakuna wa kumhudumia. Kadi haijaungua. Ingekuwa imeungua kweli, au imelegea kwenye tundu lake, au imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya ubaoni inayoamka kabla ya mfumo wenyewe, mstari wa kwanza wenyewe usingetokea.

Zile namba za kwenye mabano ndizo jina halisi la kadi, siyo stika iliyobandikwa chini ya laptopu. Nne za kwanza ni za mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Ziandike mahali. Uamuzi wote unaofuata unazitegemea.

Draiva: bure kwa pesa, ghali kwa wengine

Njia hii ina sura mbili, na ni kosa kuzihesabu kama moja.

Sura ya kwanza ni nyepesi: laptopu mpya imewekewa Linux ya zamani. Intel AX210 inahitaji kerneli (kiini cha Linux, ambamo draiva nyingi zimo) 5.10 na kuendelea, kwa hiyo ukiweka Linux Mint 20 yenye kerneli 5.4, utatafuta waifai mpaka uchoke. Realtek RTL8852BE iliingia kwenye kerneli 6.2, na Ubuntu 22.04 ilitoka ikiwa na 5.15. Hapa hakuna draiva ya kusaka popote. Pandisha kerneli, au weka toleo jipya la mfumo. Jirani yake ni tatizo la kukosekana kwa fimwea, yaani faili la programu inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe, ambalo `sudo dmesg | grep -i firmware` hulisema wazi kwamba imetafuta faili fulani na kulikosa. Debian ndiyo iliyokuwa ikiwatesa watu kwa hili, kwa kuwa fimwea zisizo huru hazikuwemo kwenye diski yake ya kawaida ya kusakinishia. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 zimo. Kama bado unatumia diski ya zamani ya Debian kwa mazoea, itupe.

Kwa watu wa kundi hili sina ushauri wa kununua chochote. Draiva inashinda.

Sura ya pili ni ya Broadcom za zamani, na hapo mambo ni tofauti. Kuna draiva tatu zenye majina yasiyofanana, na kila moja ina kadi zake. `b43` imo ndani ya kerneli tangu 2.6.24, ila inataka fimwea iletwe kutoka nje; inaihudumia vizuri BCM4312, ile 14e4:4315. `brcmsmac` ilitokana na msimbo wa programu ambao Broadcom wenyewe waliufungua kwa umma mwaka 2010. Hiyo ni ya akina BCM4313. Na kuna `wl`, draiva ya Broadcom ambayo msimbo wake haujafunguliwa, ambayo kwenye Ubuntu hupatikana kwa jina `bcmwl-kernel-source` na kwenye Debian kwa jina `broadcom-sta-dkms`. BCM43142 ya binti yetu, na BCM4360 iliyomo kwenye MacBook kadhaa za mwaka 2013 na kuendelea, hazina mlango mwingine zaidi ya `wl`.

`wl` ikikubali, inafanya kazi vizuri tu. Tabu yake ni kwamba haimo ndani ya kerneli. Inajengwa upya kila kerneli inapobadilika, na ili ijengwe lazima vichwa vya kerneli, yaani `linux-headers`, viwepo. Kwenye Ubuntu weka `linux-headers-generic` ili vije pamoja na kila sasisho. Mimi niliwahi kusahau kuviweka kwenye mashine ya mtu. Ikakaa miezi miwili bila shida, kisha kerneli ikasasishwa usiku, na asubuhi mwenye mashine akanipigia simu akiwa na usaili wa kazi kwa video saa nne. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyetoka jasho ni yeye.

Halafu kuna Secure Boot, ulinzi wa kompyuta unaokagua saini za programu tangu inapowaka. Ikiwa imewashwa, kerneli haitakubali draiva isiyo na saini. Utaandika `sudo modprobe wl` na kujibiwa kwamba ufunguo umekataliwa. Angalia kwa `mokutil --sb-state`. Wakati wa kusakinisha utaombwa kutunga nywila, kisha mashine ikiwaka tena inatokea skrini ya bluu inayouliza kama usajili ufunguo. Wengi huiogopa ile bluu na kubonyeza kuendelea. Usifanye hivyo: chagua kusajili, weka nywila uliyotunga, basi. Ukiiruka, unarudi mwanzo na hutajua kwa nini.

Na kuna kichekesho cha kuku na yai: ili upate draiva ya intaneti unahitaji intaneti. Ndiyo maana waya wa simu naueleza kabla sijafika kwenye kadi.

Waya wa simu

Kwa siku ya kwanza hakuna kinachoushinda. Chomeka simu ya Android kwa waya wa kuchajia, nenda kwenye mipangilio ya hotspoti, washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux inaitambua kama kadi ya mtandao ya waya, haiombi draiva, na ndani ya sekunde chache uko hewani. Simu nyingi za sasa, zikiwa zimeunganishwa na waifai, hupitisha waifai hiyo hiyo kwenye waya, kwa hiyo hata bando haliguswi. Jambo hili watu wengi hawalijui na wanachoma bando bure.

Waya uwe wa data. Waya za bei chee za mitaani nyingine ni za chaji tu, na ukitumia huo utaona simu inachaji na laptopu imenyamaza.

Ubaya wake unaujua mara tu unapotaka kupokea simu na kutembea. Unaufunga uhuru wa simu, unachosha betri yake na tundu lake la kuchajia. Ni njia ya kuvukia, na kwa mtu anayetumia intaneti nusu saa jioni inaweza kuwa ndiyo njia yenyewe. Sitamcheka.

Kubadilisha kadi ya ndani

Kama laptopu ni yako ya kazi na unategemea kukaa nayo miaka, mimi nauchagua upande huu, na sifichi upendeleo. Kadi nzuri ikiwekwa, unasahau kwamba kulikuwa na tatizo. Haining'inii nje, haichukui tundu la USB, na draiva yake imo ndani ya kerneli, kwa hiyo sasisho la usiku halikutishi.

Lakini pima mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, tundu. Laptopu za zamani zina mini PCIe, za baadaye zina M.2, kadi ya moja haiingii kwenye nyingine hata ukiisukuma kwa dua. Kwenye mini PCIe, kadi ya Atheros inayotumia `ath9k`, kwa mfano AR9285, ni rafiki wa kweli wa Linux kwa sababu haihitaji hata faili la fimwea. Ni ya 2.4 GHz tu, jua hilo. Kwenye M.2, Intel AX200 au AX210 ndizo ninazotafuta. Usichukue AX201. Namba inafanana, umbo linafanana, lakini ile ni ya mfumo wa CNVi, ambapo nusu ya kadi imo ndani ya chipu za Intel kwenye ubao wenyewe. Ukiiweka kwenye laptopu ya AMD au ya Intel ya zamani, inakaa kimya kama jiwe. Nasema hivi kwa kuwa mojawapo imo kwenye droo yangu, nimeinunua kwa pesa yangu na kwa haraka yangu.

Pili, BIOS. Baadhi ya laptopu za miaka ya nyuma, zikiwemo ThinkPad nyingi za zamani na za HP, zina orodha ya kadi zilizoruhusiwa. Ukiweka isiyomo, mashine inagoma kuwaka. ThinkPad huandika kosa namba 1802 na kusimama hapo. Kwa mashine za aina hiyo tafuta kadi yenye namba ya vipuri ya mtengenezaji huyo huyo, au achana na njia hii. Kuna watu hubadilisha BIOS kwa mkono. Kama unauliza inafanywaje, usiifanye.

Tatu, mikono yako. Kadi inashikiliwa na skrubu moja, mbili zikizidi. Tabu iko kwenye waya za antena. Ni mbili, nyembamba, moja aghalabu nyeusi na nyingine nyeupe, na kila moja ina kichwa cha duara kidogo kama jicho la samaki mdogo. Kukitoa, unainua wima kwa ukucha, usivute waya. Kukirudisha, unakiweka sawa juu ya kitovu chake, unabonyeza kwa kidole mpaka usikie "tk". Usiposikia, hakijakaa. Na vichwa vya kadi za M.2 mara nyingi ni vidogo kuliko vya mini PCIe. Toa chaja na uchomoe betri kwanza.

Waya hizi zinaeleza pia ugonjwa mmoja wa ajabu: laptopu inaona mtandao ikiwa karibu na ruta kabisa, ukisogea hatua tano haioni kitu. Huenda waya umechomoka. Au kadi ni Realtek RTL8723BE, ambayo kwenye baadhi ya laptopu imefungwa antena moja na draiva inasikiliza kwenye tundu lililo tupu. Hapo huhitaji kadi mpya wala bisibisi. Andika `options rtl8723be ant_sel=2` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`, washa upya. Isipobadilika jaribu 1. Nimewahi kuona mtu akinunua ruta ya pili kwa sababu hii.

Adapta ya USB

Huu ndio ushauri wa kila duka, na si mbaya, ila hutolewa nusu. Muuzaji anakuonyesha boksi, antena na maneno ya kasi. Linux haisomi boksi. Inasoma chipu iliyomo ndani, na jina moja la dukani linaweza kubeba chipu mbili tofauti. Mfano unaojulikana ni TP-Link TL-WN722N: toleo la kwanza lina Atheros AR9271, unachomeka na inafanya kazi, toleo la pili na la tatu zina Realtek RTL8188EUS, ambayo kwa miaka mingi iliwapeleka watu kutafuta draiva mitandaoni. Kwa nje huwezi kuzitofautisha mpaka usome namba ndogo ya toleo kwenye stika.

Chipu ninazoziamini ni za MediaTek: MT7610U na MT7612U, ambazo draiva yake imo tangu kerneli 4.19, na MT7921AU kuanzia 5.18. Zote zinafika 5 GHz. Ukikuta adapta ndogo kama ukucha isiyoandikwa chipu, omba kuijaribu pale pale dukani kwenye laptopu yako na uandike `lsusb`, amri inayotaja vilivyochomekwa kwenye USB. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu. Nyingine zikichomekwa hujitambulisha kama CD yenye draiva ya Windows. Realtek za namna hiyo hutokea kama `0bda:1a2b`. Zinahitaji programu ya `usb_modeswitch` kuzigeuza ziwe kadi ya waifai. Haijafa, imevaa nguo nyingine tu.

Ukilinganisha na kadi ya ndani, adapta inapoteza tundu moja la USB, inaweza kuvunjika ukiingiza laptopu kwenye begi bila kuichomoa, na zile ndogo kabisa hupata joto na kulegea mawimbi. Inashinda kwa mambo mawili: haiulizi BIOS yako ruhusa, na siku laptopu ikifa unahama nayo. Ukilinganisha na `wl`, inashinda kila siku ya sasisho.

Kwa hiyo mwenye laptopu mpya, kerneli kwanza. Mwenye Broadcom inayokubali `b43` au `brcmsmac`, kaa nayo, haina deni. Mwenye Broadcom ya `wl`: kama unajua kutumia terminali na huogopi kuirekebisha mwenyewe baada ya sasisho, weka `wl`, ni bure. Kama hutaki hata kusikia hadithi hiyo, kadi mpya ikiwa BIOS inakubali, adapta ikiwa haikubali au huna wa kukufungulia.

Binti nilimchomekea simu kwanza, akatuma kazi yake pale pale barazani kabla umeme haujakatika. Nikamweleza yote niliyoandika hapa, kwa kifupi.

"Kwa hiyo anko, ungekuwa wewe?"

"Mimi ningebadilisha kadi. Ila mimi nina bisibisi, na wewe keshokutwa unarudi bwenini."

Akachagua adapta. Tuliipata Jumapili, yenye MT7612U, baada ya kuijaribu kwenye kaunta. `nmcli device` ikaonyesha jina refu linaloanza na `wlx`, likifuatiwa na tarakimu na herufi kumi na mbili. Akauliza kwa nini jina lote hilo. Ni anwani ya adapta yenyewe, nikamwambia, ili hata ukihamia tundu jingine la USB isibadilike jina.

Jumatatu usiku akanitumia picha ya skrini kutoka bwenini. Mitandao kumi na mmoja, na wa juu kabisa, wenye mawimbi yote kamili, mwenyewe ameuita "Usiniombe Pasiwedi".